Kiwiliwili Kwanza: Matunzo ya Waliopatwa na Kiharusi mjini Bunia

Kiharusi hutokea pale damu inaposhindwa kufika katika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umezibwa na bonge la damu, ama kwa sababu mshipa umepasuka, na dalili inayoonwa upesi na ndugu wa mgonjwa ni mkono na mguu wa upande mmoja vilivyolegea. Kwa kuwa macho ya wote huelekea kwenye mkono na mguu huo, matunzo nayo huelekezwa huko: mkono hukandwa, mguu hukunjwa na kunyooshwa, na mgonjwa mwenyewe huachwa amelala chali juma baada ya juma. Mpangilio huo una kasoro, na mahali kama Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, kasoro hiyo hugharimu zaidi kuliko penye hospitali zenye vifaa vingi.

Wataalamu huita kiini cha mwili ile misuli inayozunguka kiwiliwili kati ya mbavu na nyonga: misuli ya tumbo iliyo ndani kabisa, misuli midogo inayounganisha pingili za uti wa mgongo, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na misuli ya sakafu ya nyonga. Utulivu wa kiini ni uwezo wa misuli hiyo kuzuia kiwiliwili kisiyumbe wakati viungo vingine vinafanya kazi. Mwaka 1996 Paul Hodges na Carolyn Richardson, watafiti wa Australia, walionyesha kwamba kwa mtu asiye na maradhi ya mgongo msuli wa ndani wa tumbo hukaza kabla mkono haujaanza kuinuka, maana yake ubongo hutayarisha msingi kwanza ndipo uamuru tendo. Utayarishaji huo ni sehemu ya uratibu wa mwendo, yaani mpango wa ubongo kuhusu msuli upi ukaze, lini, na kwa nguvu kiasi gani. Kiharusi huuvuruga. Tena, kwa kuwa misuli ya kiwiliwili hupokea amri kutoka nusu zote mbili za ubongo, jeraha la upande mmoja laweza kudhoofisha kiwiliwili pande zote mbili, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko linavyoudhoofisha mkono, na ndiyo sababu udhaifu wa kiwiliwili hupita bila kuonwa.

Maisha ya kila siku ya Bunia huudhihirisha upesi. Mtu asiyeweza kukizuia kiwiliwili chake hawezi kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, hawezi kuinuka kutoka mkekani, hawezi kuoga kwa beseni bila kushikwa, na hawezi hata kula akiwa ameketi bila kuangukia upande. Kuna jambo jingine ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya huenda visilitaje. Usafiri wa wengi mjini humo ni pikipiki, na mgonjwa asiyejiweza kiunoni, hata akibanwa katikati ya dereva na ndugu yake, hupanda kwa hatari kubwa kwenye barabara za vumbi na mashimo. Basi asiyeweza kuketi hawezi kurudi kliniki, na asiyerudi kliniki hapati mazoezi ambayo yangemwezesha kuketi.

Ushahidi wa kitabibu unaunga mkono kukipa kiwiliwili nafasi ya mbele, ingawa si kwa nguvu ambayo watetezi wake hudai. Uchambuzi wa shirika la Cochrane uliotolewa mwaka 2023 ulikusanya majaribio 68 yenye washiriki 2,585 na kuona kwamba mazoezi ya kiwiliwili huboresha uwezo wa kuketi, kusimama na kutembea. Lakini pale kundi la kulinganishwa lilipopewa tiba nyingine kwa muda uleule, faida katika shughuli za kila siku, kama kuvaa na kuoga, haikuonekana wazi, na ushahidi kwa jumla ulihesabiwa kuwa dhaifu. Tafsiri ya haki ni kwamba faida katika shughuli hizo huenda hutokana zaidi na wingi wa saa za mazoezi. Hilo halipunguzi hoja, bali huielekeza: kwa kuwa saa nyingi ndizo zinazohitajika, zitafutwe katika zoezi lisilodai mashine wala umeme. Mgonjwa huketishwa ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikikanyaga sakafu, mgongo ukiwa wima bila kuegemezwa. Huambiwa anyooshe mkono mzima kufuata kikombe kilichowekwa mbele yake, kisha kando, kisha mbali kidogo kuliko urefu wa mkono, ili kiwiliwili kilazimike kufuata na kurudi katikati. Msimamizi huketi upande ulio dhaifu.

Kutokana na wepesi huo, wapo wanaoona kwamba kazi yote yaweza kukabidhiwa familia, ambayo tayari ndiyo inayompikia, kumwosha na kumlinda mgonjwa akiwa hospitalini. Hoja hiyo inavutia serikali yoyote yenye hazina ndogo, lakini imepimwa na haikusimama. Nchini India, jaribio lililoitwa ATTEND, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2017, liliwafundisha ndugu katika hospitali 14 kuwafanyisha mazoezi wagonjwa wao nyumbani, na baada ya miezi sita, kati ya washiriki 1,250, asilimia ya waliofariki au kubaki tegemezi ilikuwa 47 katika makundi yote mawili. Jaribio la AVERT la mwaka 2015, lenye wagonjwa 2,104 katika nchi tano, lilionyesha pia kwamba kumwinua mgonjwa mara nyingi tangu ndani ya saa 24 za mwanzo hupunguza uwezekano wa kupona vizuri. Upendo wa ndugu hauwezi kujua wakati wa kuanza wala wakati wa kukoma. Panahitajika jicho la mtaalamu wa tiba ya viungo, yule ambaye Wakongo humwita kinezi, na jicho hilo lirudi tena na tena.

Watasema jimbo lina vita. Ni kweli: Ituri imo chini ya hali ya dharura tangu Mei 2021, wakimbizi wa ndani ni wengi, na wafadhili huja kwa ajili ya majeraha. Kliniki ya Salama mjini Bunia, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka, imewahudumia waliopigwa risasi na mapanga, na hakuna mwenye utu atakayetaka hilo lipunguzwe. Hata hivyo, shinikizo la damu halingoji amani. Utafiti uliofanyika Tanzania na kutolewa mwaka 2010 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, visa vipya vya kiharusi 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka jijini Dar es Salaam, dhidi ya 108.6 katika wilaya ya Hai, na hakuna sababu ya kudhani kwamba mji unaopanuka kwa kasi kama Bunia umeepushwa na mzigo huo. Mpango wa bima ya afya kwa wote, uliozinduliwa nchini Kongo mwaka 2023, ulianza na uzazi. Aliyepooza bado hulipiwa na jamaa.

Kwa hiyo Idara ya Afya ya Jimbo isisubiri kituo kikubwa chenye mashine. Iajiri makinezi katika hospitali kuu ya rufaa, na iwape wajibu wa kuwafundisha wauguzi wa vituo vya afya vya mitaa zoezi la kuketi na dalili za hatari, ili mgonjwa afuatwe karibu na kwake mpaka atakapoweza kupanda pikipiki. Na mashirika yanayogharimia tiba ya viungo kwa majeruhi wa vita yaingize katika mikataba yao sharti moja: mlango huohuo, na mikono hiyohiyo, vimpokee pia aliyepatwa na kiharusi.