Ngome ya Chetambe

Sisi wa pwani tukitajiwa ngome, fikira zetu huenda Mombasa, kwenye Fort Jesus iliyojengwa na Wareno na kutiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Basi nilipokwenda Kitale na Bungoma sikutaraji ngome. Nilifuata Mlima Elgon na pango la Kitum, ambamo tembo huingia usiku kuchimbua chumvi.

Mji wa Kitale husimuliwa kuwa ulikuwa kituo cha misafara ya watumwa iliyoelekea pwani. Mwenyeji wangu alinieleza hayo kwa adabu, huku akiitazama kofia yangu. Nilitahayari.

Lakini Chetambe, karibu na Webuye, ndiko nilikokaa zaidi. Hapo, mwaka 1895, Wabukusu walijikinga kwa ukuta wa udongo na handaki, wakapigana na jeshi la Waingereza lenye bunduki. Na askari waliotangulizwa mbele? Wengi walikuwa Wasudani, Waislamu wenzetu.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti utalii wa mahali pao. Ni vyema. Ila mgeni akipelekwa tu kwenye maporomoko ya Nabuyole, akapiga picha akarudi, ameona maji. Fort Jesus ina makumbusho na watunzaji wake. Chetambe, kwa sehemu kubwa, imeachiwa vinywa vya wazee.

Nilipokuwa nateremka, mmoja wao aliniuliza kama watoto wa pwani husomeshwa habari hii.

“Mimi, mzee wangu, sikusomeshwa,” nilimjibu.