Mchezaji aliyeikopesha klabu yake
Jakub Błaszczykowski alitwaa ubingwa wa Ujerumani mara mbili akiwa na Borussia Dortmund, 2011 na 2012, na akaichezea Poland mechi 109. Mimi namheshimu zaidi kwa yale ya mwanzoni mwa 2019, klabu ya Wisła Kraków ya Poland ilipokuwa hoi kwa madeni, leseni yake imesimamishwa na wachezaji hawajalipwa. Kiungo huyu wa pembeni, aliyelelewa na bibi yake baada ya kumpoteza mama akiwa mtoto, alirudi kwenye klabu hiyo aliyowahi kuichezea, akaungana na wafanyabiashara wawili kuikopesha fedha, kisha akakubali kucheza kwa zloti 500 tu kwa mwezi, nazo akazitoa ili watoto yatima wanunuliwe tiketi za mechi. Wakongwe wengi hurudi nyumbani kuagwa. Yeye alirudi kuokoa ajira za wenzake.