Mbuzi Wanaobeba Mizigo Milimani

UKURASA WA MFUGAJI



Mwezi huu tunazungumza juu ya kazi moja ya mbuzi ambayo wengi wetu hatuijui. Sisi tunafuga mbuzi kwa nyama, maziwa, ngozi na samadi. Mtoto akihitaji sare za shule, tunauza mbuzi. Mgeni wa heshima akija, tunachinja mbuzi. Lakini wako wafugaji wanaomtwika mbuzi mzigo mgongoni, kisha wakapanda naye milimani kwa siku nyingi.

Kazi hiyo ina faida yake. Pia imeleta ugomvi mkubwa, maana mbuzi anaweza kubeba kitu kingine ambacho mwenyewe hakukifunga mgongoni. Kitu hicho ni ugonjwa. Tusome habari hii mpaka mwisho, kwa sababu inatuhusu na sisi tunaofuga.

KAZI HII INAFANYIKA WAPI

Kumtwika mbuzi mzigo si jambo la jana. Katika milima ya Himalaya, kati ya Tibet na Nepal, wafanyabiashara walitumia kondoo na mbuzi kwa karne nyingi. Kila mnyama alibeba vifuko viwili vidogo. Waliteremka na chumvi, wakapanda na nafaka.

Nchini Marekani kazi hii ilianza kujulikana sana katika miaka ya 1970. Upande wa magharibi wa nchi hiyo kuna milima mirefu iitwayo Rocky. Ina mawe, misitu na theluji. Huko wanaishi kondoo pori wenye pembe nene zilizojikunja. Mtaalamu mmoja wa wanyama pori, John Mionczynski, alikuwa akiwafuata kondoo hao katika jimbo la Wyoming ili ajue maisha yao. Kondoo pori hupita kwenye majabali. Mtu anayewafuata lazima abebe chakula, hema na vyombo vya kazi. Mtaalamu huyo akawatwika mbuzi mizigo yake. Mbuzi walipita mahali pembamba na penye mawe, ambapo farasi hupata taabu. Mwaka 1992 alitoa kitabu cha kufundisha kazi hiyo.

Leo wako watu katika majimbo ya Wyoming, Idaho, Montana na mengineyo wanaofuga mbuzi kwa ajili hiyo. Wengine huenda kutembea milimani na kulala huko. Wengine huenda kuwinda.

MBUZI GANI ANAFAA

Mbuzi wa mizigo kwa kawaida ni dume aliyehasiwa. Sisi mbuzi wa namna hiyo tunamwita ndafu, na mara nyingi mwisho wake ni karamu ya harusi. Wao humtunza kwa miaka mingi. Beberu hawamtaki, kwa kuwa ananuka, anapigana, na anafuata majike.

Wanachagua mbuzi wa mbegu kubwa za maziwa, kama vile Saanen, Alpine na Toggenburg. Dume wa mbegu hizo akihasiwa na kutunzwa vizuri anaweza kufikia kilo 80 hadi 100. Wanatazama miguu iliyonyooka, kwato nzuri, kifua kipana na mgongo wenye nguvu.

Mafunzo huanza utotoni. Watu wengi humnyonyesha mtoto wa mbuzi kwa chupa. Hivyo humzoea mtu na kumfuata kama anavyomfuata mama yake. Akiwa mkubwa hana haja ya kuvutwa kwa kamba kila wakati. Mtu akitembea, naye anatembea. Mtu akipumzika, naye analala chini na kucheua.

Mwaka wa kwanza mbuzi hutembea tu, bila mzigo. Baadaye huvikwa tandiko tupu ili alizoee. Kisha hupewa mzigo mwepesi. Mzigo kamili hapewi mpaka afikishe miaka 3 au 4, maana mifupa yake bado inakua. Mwenye haraka akimtwika mapema, huharibu miguu na mgongo wa mnyama wake.

Jambo lingine ni chakula. Mbuzi hula majani njiani, kwa hiyo hakuna haja ya kumbebea majani mengi. Lakini milimani iko mimea yenye sumu, na mwenye mbuzi hana budi kuijua. Tena ndafu akilishwa nafaka nyingi anaweza kupata vijiwe vinavyoziba njia ya mkojo. Ugonjwa huo huua. Mbuzi anayejikamua na kushindwa kukojoa anahitaji mganga wa mifugo mara moja.

HESABU YA MZIGO

Wafugaji hao wana kanuni moja. Mbuzi mzima mwenye afya asibebe zaidi ya robo ya uzito wake.

Tufanye hesabu pamoja. Mbuzi ana kilo 80. Gawanya kwa 4. Jibu ni kilo 20. Hizo kilo 20 ni pamoja na tandiko lenyewe. Tandiko na mikanda yake likiwa na kilo 3, mizigo inabaki kilo 17. Siku ya jua kali, au kwenye mlima mkali, hupunguza tena.

Tandiko huwekwa juu ya kitambaa kinene ili lisichubue ngozi. Mshipi mmoja hupita chini ya kifua, nyuma ya miguu ya mbele. Mkanda mwingine hupita mbele ya kifua ili tandiko lisirudi nyuma wakati wa kupanda. Wa tatu hupita nyuma ya mapaja ili lisiende mbele wakati wa kuteremka. Kila upande wa tandiko hutundikwa mfuko. Wenzetu wenye punda wanaufahamu mpango huo: ni kama shogi.

Mifuko miwili lazima ilingane uzito. Watu hawa hubeba mizani ndogo ya kutundika, wakapima mfuko mmoja, kisha wa pili. Mfuko mmoja ukizidi, tandiko linapinda na mgongo unapata kidonda. Jioni hufungua mizigo yote na kupapasa mgongo. Mahali penye joto au uvimbe ni dalili ya hatari.

SAFARI YA WAWINDAJI

Wawindaji wa milima hiyo humwinda mnyama mkubwa aitwaye elki. Ana mwili mkubwa na pembe zenye matawi. Dume mmoja aweza kuzidi kilo 300. Akiuawa mbali na barabara, kazi kubwa inaanza hapo. Nyama yake bila mifupa inaweza kufika kilo 90. Mtu mmoja hawezi kuibeba mara moja. Akienda na kurudi mara nyingi, nyama huharibika. Tena sheria za majimbo mengi haziruhusu mwindaji kuacha nyama ioze porini.

Hapo mbuzi wanasaidia. Mbuzi sita, kila mmoja akibeba kilo 15 za nyama, wanashusha kilo 90 kwa safari moja. Nyama hufika nyumbani ikiwa nzuri. Mtu mzee, au mwenye maumivu ya mgongo, anaweza naye kuendelea kupanda mlima, kwa sababu mzigo hauko mgongoni mwake.

UGONJWA USIOONEKANA

Sasa tufike kwenye ugomvi. Wale kondoo pori tuliowataja mwanzo wana adui mkubwa: homa ya mapafu. Vijidudu vinavyohusika na homa hiyo hukaa puani na kooni mwa kondoo na mbuzi wengi wa kufugwa. Mara nyingi mnyama wa kufugwa haonyeshi dalili yoyote. Anakula, anatembea, ananenepa. Lakini akikaribiana na kondoo pori, wakanusana au akakohoa, vijidudu vinahama. Mwili wa kondoo pori hauwezi kupambana navyo. Wengi hufa. Wanaopona huweza kuwaambukiza wana wao, na wana hao huendelea kufa kwa miaka kadhaa.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1995 na 1996, kondoo pori wengi walikufa kwa homa ya mapafu katika bonde la Hells Canyon, mahali yanapopakana majimbo ya Idaho, Oregon na Washington. Wataalamu walimkuta mbuzi aliyeachwa kuzurura pamoja na kondoo pori. Walipopima, waliona baadhi ya vijidudu vilivyokuwa kwa mbuzi na kwa kondoo pori vilikuwa vya namna moja.

Kwa sababu ya hofu hiyo, wasimamizi wa Msitu wa Taifa wa Shoshone, jimboni Wyoming, walizuia mbuzi wa mizigo kuingia sehemu wanazokaa kondoo pori. Wenye mbuzi hawakufurahi. Walisema mbuzi wao ni wachache, wanachungwa na mtu saa zote, na hawafanani na kundi kubwa la kondoo wa kufugwa linaloachwa mlimani. Watu wa kondoo pori wakajibu kwamba mbuzi mmoja aliyepotea anatosha kuleta msiba.

Kila upande una haki ya kusikilizwa. Mwenye mbuzi ana hasara akifungiwa mlima. Lakini kondoo pori waliokufa hawarudishwi na maneno. Kwa hiyo wafugaji makini wamejiwekea masharti haya:

1. Mbuzi apimwe puani na mganga wa mifugo kabla ya safari. Mwenye vijidudu abaki nyumbani.

2. Mahali penye wanyama pori mbuzi afungwe kamba na kuongozwa.

3. Usiku mbuzi wafungwe karibu na hema, wavikwe kengele ili wasikike.

4. Mbuzi akipotea asiachwe. Atafutwe mpaka apatikane.

SISI TUFANYE NINI

Msomaji atauliza, je, na sisi tuwatwike mbuzi wetu mizigo? Turudi kwenye hesabu. Mbuzi wetu wengi wa kienyeji ni wadogo. Mbuzi wa kilo 28, robo yake ni kilo 7. Ondoa tandiko, unabaki na kilo chache tu. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Itahitaji zaidi ya mbuzi watatu. Kwa kazi hiyo punda anafaa zaidi. Kwa hiyo tusiwatese mbuzi wetu kwa kuiga.

Lakini mambo mawili tunaweza kuyachukua.

La kwanza ni kupima mzigo. Punda wangapi kijijini wana vidonda mgongoni? Vidonda vingi vinatokana na mzigo mzito, mzigo uliolemea upande mmoja, au kamba iliyofungwa juu ya ngozi tupu. Weka gunia au blanketi kuukuu chini ya tandiko. Sawazisha mizigo. Mnyama mwenye kidonda apumzishwe mpaka apone.

La pili ni ugonjwa. Sisi tunajua jinsi ugonjwa unavyoruka kutoka mifugo hadi wanyama pori. Katika miaka ya 1890 sotoka ya ng'ombe iliua ng'ombe wengi mno Afrika Mashariki, na nyati pia. Ilichukua zaidi ya miaka 100, na chanjo nyingi, mpaka ulimwengu ukatangaziwa mwaka 2011 kuwa sotoka hiyo imekwisha.

Sotoka ya mbuzi na kondoo bado ipo. Hapa Tanzania ilithibitishwa mwaka 2008. Dalili zake ni homa, makamasi, vidonda mdomoni, kuhara na kupumua kwa shida. Chanjo yake ipo. Mbuzi mgeni uliyemnunua mnadani anaweza kuonekana mzima kumbe ana ugonjwa. Mtenge peke yake kwa wiki tatu kabla ya kumchanganya na wenzake. Ukiona dalili, usiwapeleke mbuzi mnadani wala kisimani penye mifugo ya wengine. Mwite Bwana Mifugo upesi. Ukificha ugonjwa ili uuze, unampelekea jirani msiba.

Mzigo wa mgongoni hupimwa kwa mizani. Ugonjwa haupimwi kwa macho. Mfugaji mwema anaangalia vyote viwili.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mbuzi hapewi mzigo kamili kabla ya miaka 3?

2. Mbuzi ana kilo 60. Tandiko lina kilo 3. Anaweza kubeba mizigo ya kilo ngapi?

3. Kwa nini mbuzi anayeonekana mzima anaweza kuwa hatari kwa kondoo pori?

4. Katika kijiji chenu, mbuzi walionunuliwa mnadani hukaa wapi siku za kwanza? Je, mpango huo unafaa? Ninyi mtaubadilisha vipi?