Radio trotwari imeingia mfukoni



Mwezi huu tuseme juu ya telefone na siasa. Wengine watasema: "Pasta, siasa si kazi ya kanisa." Lakini kile kinachopita usiku ndani ya telefone ya mtoto wako, asubuhi kinatembea katika barabara za Kasuku. Ni jambo la nyumba, basi ni jambo la kanisa pia.

Wazee wanakumbuka wakati wa Zaire. Sauti ilikuwa moja tu, ya serikali. Kwenye televisheni, mbele ya habari, sura ya Mobutu ilikuwa inashuka toka mawinguni, sawa vile mungu. Watu walijibu namna gani? Kwa radio trotwari, ndiyo maneno ya mdomo kwa mdomo, sokoni na kisimani. Ilisema kweli ambazo wakubwa walificha. Ilisema na uongo pia. Lakini ilitembea kwa mguu, na aliyeleta habari alikuwa mbele yako. Uliweza kumwuliza: "Nani amekwambia?"

Kisha mambo yakabadilika polepole. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Tarehe 25 Februari 2002, nchi ikiwa imegawanyika kwa vita, Radio Okapi ilianza kusema kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Mtu wa Kinshasa na mtu wa Goma wakaweza kusikia habari moja. Hiyo ilikuwa baraka.

Halafu telefone ikaingia, na kila mtu akawa na redio yake. Wakubwa waliona nguvu hiyo. Kisha uchaguzi wa Novemba 2011, serikali ilikata SMS zaidi ya majuma 3. Viziwi wa Kinshasa walilalamika, kwa sababu kwao SMS ndiyo ilikuwa simu yenyewe. Januari 2015, watu walipotoka barabarani kupinga sheria ya uchaguzi iliyotaka hesabu ya wananchi kwanza, intaneti ilikatwa. Lakini sauti ilikuwa imekwisha kufika: tarehe 23 Januari Seneti iliondoa sharti lile. Na kisha kura ya 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa tena, karibu siku 20. Jamaa ngapi zilianza mwaka bila habari za watoto wao walio mbali!

Muone basi: kila mara wananchi wanapata mdomo mpya, wakubwa wanatafuta kifuniko. Kufunga mdomo wa watu wote juu ya kosa la wachache si haki, na mkristo asiogope kusema hivyo.

Lakini tusiishie hapo, kwani hapa Maniema tuko na jambo la kulia. Mwezi wa 6, 2022, vita vya M23 vilipowaka na Bunagana kuanguka, maneno ya chuki juu ya watu wanaosema Kinyarwanda yalizunguka nchi yote, katika telefone pia. Umoja wa Mataifa ulitoa onyo. Kule Kalima, mji wetu wa machimbo, kundi la watu lilimwua mtu juu ya kabila yake. Hakuhukumiwa na tribinali yoyote. Telefone haikushika silaha, ni mikono ya watu iliyoua. Lakini maneno ya chuki yanatangulia mikono.

Hapo ndipo radio trotwari ya leo inashinda ile ya zamani kwa hatari. Odio inafika kwa watu mia moja mbele hujamaliza chai yako. Aliyesema humjui. Swali la wazee, "Nani amekwambia?", limekufa. Kazi yetu ni kulifufua.

Vijana, ninyi mnaoshinda machimboni na jioni mnatafuta rezo, shikeni mambo haya matatu. Kwanza, habari isiyo na jina la msemaji, mahali na siku, isitoke katika telefone yako. Pili, ngoja kwanza, sikiliza redio nyingine. Mithali 18:17 inatukumbusha kwamba anayesema wa kwanza anaonekana na haki, mpaka mwenzake afike. Tatu, habari ikisema kabila fulani wote ni wabaya, uifute. Hakuna kabila lililofanya dhambi lote kwa siku moja.

Na ninyi wazazi, msikamate telefone tu na kupiga kelele. Ketini na mtoto, mwulize: "Hii imetoka wapi? Inataka nifanye nini?" Someni pamoja Kutoka 23, mistari 1 na 2. Pale Mungu anakataza mambo mawili kwa pamoja: kupeleka habari ya uongo, na kufuata watu wengi katika mabaya. Musa hakuwa na telefone, lakini alijua kundi.

Wakubwa wanaweza kukata rezo. Hawawezi kukata chuki ndani ya moyo. Hiyo ni kazi yako, mbele kidole chako hakijagusa kioo.

Bwana awalinde, nyumbani na machimboni. Tuonane mwezi ujao.