Chandarua kipo, usingizi hakuna

Mimi mzima, ila macho mekundu. Sijalewa, sijalala. Wale mnaosubiri mwisho wa kisa cha yule dada na mume wa mtu, vuteni subira hadi wiki ijayo. Leo nina la kwetu.

Nina mshikaji wangu yuko Dar, Manzese. Kila nikimwambia Bukoba kuna joto anacheka mpaka anakohoa. "Nyie Wahaya kwa maringo! Hata joto mnataka muwe nalo?" Kwa vipimo ananishinda. Mji wetu upo kando ya ziwa, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua haitusahau, na mchana nyuzi zinachezea 26 au 27. Dar mwezi Februari wanapita 30 bila kugeuka nyuma. Lakini kipimo cha joto huwekwa nje, kivulini. Bibi yangu halali nje kivulini. Analala chini ya bati.

Juzi nilikwenda kumwona, Muleba ndani ndani huko, unaposhuka kwenye basi halafu boda inakubeba mpaka mgongo unalia. Nyumba yake ni vyumba viwili, matofali, bati juu, dari hakuna. Ile ya zamani ilipasuka kwenye tetemeko la Septemba 10, 2016, hii ikajengwa harakaharaka na kila chumba kikapewa kidirisha cha mbao kimoja. Jioni kinafungwa kwa komeo, kwa sababu ya wezi. Matofali yanakunywa jua mchana kutwa, usiku yanalitapika humo ndani.

Anaishi na wajukuu watatu. Hilo si jipya kwetu. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walikoonekana, mwaka 1983, na tangu hapo bibi wa Kihaya kulea mara ya pili ni kama kazi ya kuajiriwa, tofauti ni kwamba mshahara hakuna. Hawa watatu wazazi wao wapo hai, wanatafuta maisha mjini. Wakipata wanatuma.

Watoto hao wanalala kitanda kimoja, chandarua kimoja. Kipo, kizima, kimefungwa vizuri kwa kamba nne. Nililala chumba hichohicho, mkeka chini. Saa tano usiku mkubwa akakipiga teke. Saa sita yule wa katikati akatoa miguu yote nje. Mdogo alikuwa ameshahamia sakafuni, tumbo wazi, anatafuta ubaridi wa saruji. Bibi akaamka, akawarudisha, akachomekea. Baada ya nusu saa, yaleyale. Nikamuuliza anaamka mara ngapi kwa usiku. "Mume wangu," akanijibu (ndivyo anavyoniita mbele ya watu), "sihesabu, nachomekea tu."

Sasa hapo ndipo mshikaji wangu wa Manzese anapotakiwa kuacha kucheka. Sisi joto letu halimwangushi mtu barabarani. Linamtoa mtoto kwenye chandarua, mbu anamalizia kazi.

Na Muleba si ya kufanyia mzaha na malaria. Mwaka 2006 ulizuka mlipuko mkubwa wilayani humo, na kuanzia 2007 nyumba zikaanza kupuliziwa dawa ukutani. Halafu mbu wakazoea dawa ya vyandarua, wakawa wanatua juu yake kama wako harusini. Ndipo watafiti wakagawa vyandarua vya aina mpya vijijini Muleba mwaka 2015, vyenye kiungo cha ziada cha kuwavunja nguvu mbu sugu. Baada ya miezi tisa, penye chandarua kipya waliokutwa na vimelea walikuwa watoto 29 katika kila 100. Penye kile cha kawaida walikuwa 42. Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua hivyo mwaka 2017. Kwa hiyo ukiona nchi nyingine wanalala chini ya aina hiyo, Muleba ina mkono wake. Ila chandarua hakina mikono ya kumshika mtoto anayetokwa jasho.

Mwaka jana mwezi kama huu yule wa katikati, ana miaka saba, alianza homa saa mbili usiku. Alfajiri akapata degedege. Bibi akamfunga mgongoni, bodaboda, zahanati. Mtoto alipona, tumshukuru Mungu. Lakini nauli, dawa na sindano vilitoka wapi? Vilitoka kwenye kahawa ikiwa bado mtini. Aliiuza butura, kwa bei ambayo nikiitaja hapa mnunuzi ataona aibu, maana gazeti hili anasoma. Mavuno yalipofika, mwenye kibanja akawa kibarua wa kuchuma kahawa ya mtu mwingine shambani mwake mwenyewe.

Kuna wazee wa kijiwe wataniambia turudi kwenye msonge. Msonge ulikuwa na ubaridi, sibishi, ila nyasi za rweya utazipata wapi leo, na nani atakubali kuitwa maskini? Tena bati nalo lina wema wake. Huko Gambia watafiti waliona mbu wengi wanakufa ndani ya nyumba za bati kwa joto la mchana. Jamani, kumbe tunaungua pamoja nao! Na usisahau akina mama wa dagaa kule mwaloni. Wao wanaomba jua liwake zaidi, maana likijificha siku mbili dagaa wanaoza mchangani na mtaji unaoza nao. Usiku wanarudi kulala kwenye vibanda vya bati juu, bati ubavuni.

Dawa ya chumba cha bibi si siri. Kinahitaji hewa ipite: dirisha la pili upande wa pili, na nyavu ndogo za mbu kote mbili. Nilibeba mita mbili za wavu kutoka sokoni Bukoba, nikiwa na nyundo na kiherehere cha kijana wa mjini. Bibi akaushika, akauvuta kwa vidole, akanitazama.

"Huu mwizi anaukata kwa wembe."

Kweli. Bila nondo, komeo halifunguliwi. Wavu tumeukunja, uko chini ya kitanda. Nimeshamwona fundi wa kuchomelea pale Muleba mjini, kanitajia bei ya madirisha mawili. Ni sawasawa na malipo ya makala zangu nne zilizopita, ambazo sijalipwa. Mhariri, hapo unanisoma?