KAMERA INAONA, LAKINI NANI ANAAMKA?

Ndugu wanaushirika,

Katika mkutano mkuu ujao tutaulizwa kama sehemu ya ziada ya pamba inunue kamera za ulinzi kwa bweni la wasichana shuleni kwetu. Kamera nne, na televisheni yake ikae ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Wengi wamekwisha kubali. Mimi nasema tusikimbilie kunyoosha mikono. Tuulizane kwanza: siku ya hatari, saa nane za usiku, kamera hizo zitafanya nini?

Hatuzungumzii mambo ya mbali. Novemba 2022 moto uliwaka usiku katika bweni la wasichana Shule ya Msingi Buhangija, hapa hapa Shinyanga, ukaua watoto watatu. Septemba 2020 jirani zetu wa Kyerwa, mkoani Kagera, walizika watoto 10 wa shule ya Byamungu, nao moto uliwakuta bwenini. Huko Kenya, Machi 2001, wavulana 67 wa sekondari ya Kyanguli waliteketea. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Sasa niambieni, jamani: mtoto aliyelala katikati ya moshi anahitaji picha? Anahitaji wa kumwamsha na mlango wa kutokea.

Kamera haizimi moto wala haipigi yowe. Kazi yake ni kupeleka picha mahali. Kama mahali hapo hapana mtu, imepeleka bure. Ofisi ya Mwalimu Mkuu hufungwa jioni. Mlinzi wetu ni mmoja: akizunguka hatazami televisheni, akitazama televisheni hazunguki. Moshi ukishajaa chumbani, kamera nayo haioni kitu. Na umeme ukikatika, imelala kama sisi.

Wapo watakaosema Marekani wanazo. Kweli wanazo. Tarehe 24 Mei 2022 huko Uvalde, jimbo la Texas, mtu mwenye bunduki aliingia shule ya msingi akaua watoto 19 na walimu 2. Kamera ilinasa polisi wenye silaha wakisubiri koridoni zaidi ya saa nzima kabla ya kumwingilia. Kamera ilifanya kazi yake barabara. Watu hawakufanya ya kwao. Picha zile zilisaidia uchunguzi baadaye. Siku ile hazikumtoa mtoto hata mmoja darasani.

Sisemi kamera ni takataka. Mwizi wa magodoro atajulikana. Na akiwepo mtu wa kutazama saa zote, mwenye simu na anayejua ampigie nani, itamwonyesha moto uko upande gani na watoto watokee wapi. Lakini huyo mtu ndiye wa kupata kwanza.

Sungusungu walipoanza huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawakuwa na mtambo. Walikuwa na mwano. Mmoja akipiga, mwingine anapokea, kijiji kizima kiko nje. Nguvu ya mwano haikuwa sauti tu. Kila aliyesikia alijua wajibu wake.

Basi napendekeza hivi:

1. Kila bweni liwe na milango miwili inayofunguka kwa nje. Najua tunafunga kufuli kwa kuwaogopa wanaume wanaopita kwenda machimboni. Basi komeo liwe la ndani, mtoto aweze kulifungua mwenyewe.

2. Tununue vile vidude vya darini vinavyopiga kelele vikinusa moshi. Vipo vya betri, havingoji umeme.

3. Rimu la kengele litundikwe bwenini, matroni alale hapo hapo, na namba 114 ya Zimamoto iandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

4. Kila muhula watoto wafanye mazoezi ya kutoka usiku, nasi wa jirani tuitike. Gari la Zimamoto litatoka mjini; wa kwanza kufika ni sisi.

Zikibaki pesa, nitanyoosha mkono kwa kamera, tena mikono miwili.

Ndugu zangu, msiache kuja mkutanoni. Pesa hizi ni jasho letu, na wanaolala mle ndani ni watoto wetu.

Mwanaushirika, mkulima wa pamba