Maoni Yetu: Mtoto wa marehemu kaka naye awe na hati

Familia ya Njombe au Makambako inapoanza kufikiria kuhamia ng'ambo moja kwa moja, mazungumzo huanzia kwenye nauli, kazi na viza. Watoto hufikiriwa mwisho, na hapo ndipo mipango mingi huvunjika. Tunashauri waje kwanza.

Kwetu mtoto wa marehemu kaka ni mwanangu, na hakuna wa kuniuliza. Mkoa huu umezika wazazi wengi wakiwa bado vijana. Utafiti wa kitaifa wa 2022–23 ulikuta VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Dawa zimeokoa maisha ya wengi, lakini nyumba zilizopokea yatima wa ndugu bado zinawalea. Mtoto amekua akimwita baba mdogo "baba", na shuleni anajulikana hivyo hivyo.

Ubalozini hajulikani. Muhtasari wa kikao cha ukoo wenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, ule tunaoutumia kwenye mirathi, haumfanyi yatima kuwa mtoto wako machoni pa afisa wa viza. Kiapo cha wakili nacho hakitoshi. Asiye mtoto wako wa kumzaa wala wa kambo anahitaji amri ya mahakama ya kumuasili, na muda wake una kikomo: kwa kawaida Marekani hutaka awe ameasiliwa kabla ya kutimiza miaka 16, na awe ameishi chini ya mlezi huyo kisheria kwa miaka miwili. Anayesubiri viza itoke ndipo aende mahakamani amechelewa.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu ndugu kuasili. Wapo wazee wasiotaka kulisikia jambo hilo, wakihofia jina la marehemu litafutika. Hofu yao tunaiheshimu. Amri hiyo humhamishia mlezi haki na wajibu wote wa mzazi, kwa hiyo ukoo ukae, upande wa mama ushirikishwe, na mtoto mwenyewe asikilizwe. Kama uamuzi ni abaki, basi aachwe na mlezi anayejulikana kisheria, asiachwe kwa jirani na ahadi ya kutumiwa hela.

Njia ya mkato ni mbaya zaidi. Kumwandikisha mtoto wa ndugu kana kwamba umemzaa ni udanganyifu. Balozi huweza kutaka kipimo cha vinasaba, na uongo ukigundulika hata wale uliowazaa hukosa safari. Kumficha mtoto nako ni kosa. Kanuni za bahati nasibu ya grini kadi ya Marekani zinataka utaje kila mtoto wako aliye hai, wa chini ya miaka 21 na asiye na ndoa, hata kama hutasafiri naye. Ukimwacha mmoja, mnaweza kuondolewa nyote. Kanada hupokea wa chini ya miaka 22, na ambaye hakutajwa wakati mzazi anaomba ukaazi, kwa kawaida hadhaminiwi tena baadaye. Usimwambie kijana wa steshenari anayekujazia fomu aweke wawili tu, eti wengine watafuata.

Masharti nayo hubadilika. Kuanzia 11 Machi 2024 Uingereza iliwazuia wahudumu wa matunzo wapya wanaoomba viza kwenda na wenzi na watoto wao. Soma tovuti ya serikali husika kabla hujampa wakala hata shilingi.

Vyeti vya kuzaliwa ni shida nyingine. Kampeni ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) ya kuwasajili bure watoto wa chini ya miaka mitano iliingia Njombe katikati ya muongo uliopita, ikafanya kazi kubwa. Waliokuwa wameshavuka umri huo sasa ni vijana wa sekondari, na baadhi yao bado wana kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo tu.

Tunaziomba halmashauri za miji ya Njombe na Makambako ziwapeleke maafisa ustawi wa jamii na wasajili kwenye kata, kwa siku zilizotangazwa, wawasaidie walezi kupata vyeti vya kuzaliwa na kuanza taratibu za ulezi na kuasili. Hati hizo zitamfaa pia mtoto ambaye hatatoka Njombe maisha yake yote, kwenye mkopo wa chuo na kwenye mirathi. Nawe mlezi, usingoje siku hizo: peleka jina la mtoto kwa afisa ustawi wa jamii wiki hii.